Vua Shanga Zote Kabla Hujaja

"Mama Tawakali, Dionis ni nani?"

Mwanaima alikuwa amechuchumaa uani, anasugua sufuria kwa mchanga. Hakugeuka.

"Dionis yupi?"

"Huyu anayekwambia uvue shanga."

Mkono ukasimama juu ya sufuria. Mumewe, Abdulrazak, alikuwa mlangoni, ameishika simu ya mkewe kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota samaki wa juzi. Akausoma ujumbe kwa sauti, pole pole, majirani wa mtaa wa Mtanda wote wakitaka wasikie:

"'Dada Mwanaima, Alhamisi usikose. Usile kitu asubuhi. Vaa nguo pana. Vua shanga zote kabla hujaja. Dionis.'"

Akashusha simu.

"Haya. Nakusikiliza."

Mwanamke mwingine angeruka juu, angeapa kwa Mungu na mitume, angeangusha na sufuria. Mwanaima alingoja hofu imjie, haikuja. Siku hizi hakuna kilichokuwa kikimjia.

"Ni nesi," alisema.

"Nesi wa kiume, anashughulika na shanga za mke wa mtu?"

"Nesi wa chumba cha upasuaji, kule hospitali ya misheni. Zikibaki kiunoni zitawazuia."

"Kiunoni wanatafuta nini? Wewe ulikatwa titi."

"Wamekuja madaktari wageni. Wanatoa mafuta kiunoni kwa sindano, wanayasafisha, wanayatia kifuani. Wanalijenga upya."

Mwanaima aliuona wivu ukimtoka mumewe usoni, kikaingia kitu kingine. Hakukitambua, akakipa jina alilolizoea: kinyaa.

"Hapana," alisema Abdulrazak.

"Hapana nini?"

"Umepona, kaa. Moto ukizimika watu hawachokoi majivu."

"Kwani kifua hiki kinakuhusu nini, baba? Huwa unakitazama?"

Abdulrazak akaweka simu juu ya pipa la maji, akachukua kisanduku chake cha vyombo vya kazi, akatoka. Hata mlango hakuubamiza. Nyumba yao ilikuwa imesahau namna ya kugombana.

Na kazi ya Mwanaima ilikuwa nini? Kuuza sidiria. Mungu ana utani wake. Tangu enzi za ruksa, mabelo ya mitumba yalipoanza kumwagika nchini, yeye na meza yake pale soko la Lindi walikuwa kitu kimoja. Mteja akija, Mwanaima alimtazama mara moja tu, akachomoa ile inayomfaa. Hakuwa anakosea. Sasa mwenyewe alikuwa anavaa sidiria yenye upande mmoja wa nyama na upande mmoja wa punje za uwele ndani ya kifuko alichokishona kwa mkono, na wateja hawakujua.

Siku moja uzi wa kile kifuko ulifumuka akiwa anamletea mumewe chai. Uwele ukamwagika mkekani, mwembamba, mwingi, kama haukuwa na mwisho. Abdulrazak alipiga magoti akauokota wote, akautia kwenye kikombe, akampa. Hakusema neno. Siku hiyo ndipo Mwanaima aliposema moyoni, huyu hanitaki tena, na akaanza kuulizia habari za hao madaktari.

Ulikuwa mwaka wa pili huo tangu akatwe, na mumewe hajamgusa. Walilala kitanda kimoja, mume kaelekea ukutani, mke kaelekea mlangoni. Juu yao, kwenye mti wa chandarua, uzi wa shanga nyekundu ulining'inia palepale ulipotundikwa zamani. Mashuka yalibadilishwa, chandarua kikafuliwa, uzi ukaendelea kula vumbi.

* * *

Alhamisi alfajiri Mwanaima alipanda basi, akamkuta mumewe amekaa nyuma ya dereva na kisanduku mapajani.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kumuuliza huyo daktari."

Wakasafiri mpaka juu huko kwenye hospitali ya misheni bila kusemeshana. Daktari mwenyeji aliyefanya kazi na wale wageni aliitwa Katarina, mwanamke mrefu wa Kimakonde mwenye sauti ya kengele ya kanisa. Aliwakalisha wote wawili.

"Daktari, mimi ni fundi wa mafriji," Abdulrazak alianza. "Mambo ya mwili siyajui. Nataka jibu moja tu. Ugonjwa utarudi au hautarudi?"

"Nikikuapia kwamba hautarudi nitakuwa mwongo, baba. Ugonjwa huu unaweza kumrudia aliyejengwa na asiyejengwa. Nadhani unachouliza ni kama mafuta ndiyo yatakayourudisha."

"Hicho hicho."

"Zamani sisi wenyewe tuliogopa. Madaktari walikuwa wanakatazana. Baadaye wanawake waliofanyiwa wakafuatiliwa, na mpaka sasa haijaonekana kwamba kwao unarudi zaidi kuliko kwa wenzao. Lakini miaka ya kufuatilia bado michache, kwa hiyo siwezi kusema zaidi ya hapo. Ndiyo maana tulingoja tiba yake iishe, na tumempima kwanza."

"Ubaya wake je?"

"Upo. Mafuta mengine mwili utayanyonya, itabidi arudie, pengine mara tatu au nne, na titi halitakuwa kubwa. Mengine yanaweza kufa mle ndani yakawa donge gumu kama goroli. Akiligusa atadhani ugonjwa umerudi. Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanakaa nalo nyumbani wanalia, au wanakimbilia kwa mganga. Goroli likitokea, aje. Tutachoma sindano, tutapima, tutajua. Hatukisii."

"Kwa hiyo hujui."

"Najua hayo niliyokwambia. Na nimekwambia yote."

Abdulrazak akatazama chini. Mwanaima, aliyekuwa kimya kama mzigo ulioletwa kupimwa, akauliza lake.

"Nitasikia, daktari? Nikiguswa?"

"Pale mishipa ilikatwa. Pana ganzi. Umbo nitajaribu kukupa, kusikia sikuahidi." Kisha akamgeuzia macho. "Na mimi nikuulize. Unataka kwa ajili ya nani?"

Swali jepesi kabisa. Jibu lilikuwa limekaa hapo hapo kwenye kiti cha pili, limeinamisha kichwa, wala halimtazami.

"Nipe mpaka Jumatatu," Mwanaima alisema.

"Sawa. Wageni bado wapo. Mwili ni wako na sahihi ni yako, ila uje na jibu."

Nje, barazani, Abdulrazak alisema bila kumtazama:

"Kama ni kwa ajili yangu, usifanye."

Mwanaima alisikia yake: hata ujengwe ghorofa, sikutaki. Akafunga kanga vizuri.

"Nimesikia," alijibu.

Walipofika mjini mume hakushuka. Aliunganisha basi la Nangurukuru, ambako mama lishe mmoja alikuwa na friji la soda lililokufa. Mwanaima akaenda nyumbani, akapika ugali, akautazama mpaka ukapoa.

* * *

Jumamosi mchana Bi Siti aliingia na kapu la mihogo kichwani, hodi yenyewe akaipiga akiwa ameshafika uani. Bi Siti wa Milola ndiye somo yake Mwanaima, aliyemfunda unyagoni akamvalisha shanga zake za kwanza. Mpaka leo mambo ya chumbani yakikwama ni yeye anayeitwa. Mume hamsemi mkewe usoni wala mke hamsemi mumewe. Yanapitia kwa somo. Ndiyo adabu waliyolelewa nayo, na wameizoea.

"Shikamoo somo."

"Marahaba. Nitue kapu hili halafu kaa chini. Mumeo kanipigia simu."

"Yuko Nangurukuru."

"Najua aliko. Vocha imemkatikia mara mbili analia. Mwanaume mzima na ndevu zake."

"Analia nini?"

"Anakushitaki. Anasema tangu utoke hospitali umemfungia mlango. Hukumruhusu hata siku moja, naye kanyamaza kwa kuwa ulikuwa mgonjwa. Sasa anasikia unakwenda kuongezwa kifua, anauliza, kifua hicho ni cha nani?"

"Mimi nimemfungia?" Mwanaima aliuliza taratibu. "Somo, yeye ndiye haniangalii. Analala kaelekea ukutani kama amewekewa adhabu."

"Sasa alale kaelekea wapi, nawe umemtundikia nyekundu?"

"Nyekundu gani?"

Bi Siti alimtazama sana mwali wake. Akainuka, akamshika mkono, akaingia naye chumbani bila kuuliza. Akanyoosha kidole kwenye mti wa chandarua.

"Na hii?"

Mwanaima akatazama.

"Nilikufundisha nini?" Bi Siti aliendelea. "Nyekundu ikining'inia, uko kwenye siku zako. Mume haji, na wala haulizi. Ukisafika unaitoa wewe mwenyewe, unatundika nyeupe. Ndiyo au sivyo?"

"Ndiyo."

"Basi mwenzio alikuwa anangoja nyeupe."

Ikamjia yote. Asubuhi ile ya kwenda kukatwa alikuwa kwenye siku zake kweli. Aliutundika uzi, akafunga begi, akawahi basi. Baadaye kikaja kisu, zikaja dripu, na zile dawa zikamkausha damu moja kwa moja. Hakuona tena siku zake, na asiyeziona hazungumzi na shanga.

"Zilikatika, somo," alisema. "Sikuwa na siku tena. Nikasahau kama huu uzi upo."

Bi Siti alicheka mpaka akashika mbavu, kisha kicheko kikamwishia ghafla.

"Na yule naye akangoja tu! Nani kamfunza adabu ya namna hii?"

"Mama yake."

"Mungu amrehemu. Alimzidishia."

Somo alipotoka kwenda kumenya mihogo, Mwanaima alikaa ukingoni mwa kitanda na uzi mkononi. Alitaka kucheka, alitaka kulia, vyote vikamkataa. Akafuta vumbi kidoleni, akachukua simu.

"Baba Tawakali rudi nyumbani. Nyekundu nimeitoa. Nilisahau kuitoa."

Jibu likaja haraka:

"Umesahau tangu lini"

"Tangu siku ya kwenda kukatwa."

Halafu simu ikaita.

"Mwanaima."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake siku nyingi.

"Naam."

"Muda wote huu ulisahau?"

"Nilisahau. Na wewe hukuuliza."

"Haiulizwi."

"Najua haiulizwi."

Huko upande wa pili honi za mabasi zilikuwa zinapigwa, wauza mayai wanaita.

"Nilidhani umenichukia kwa kuwa mimi mzima," alisema Abdulrazak.

"Mimi nilidhani unaniona kinyaa."

"Kinyaa? Mke wangu?"

"Siku uwele ulipomwagika. Uliokota hukusema kitu."

"Ningefungua mdomo ningelia. Na wewe ulikuwa umeshachoka na watu wa kulia."

Vocha ikakatika hapo.

* * *

Jumapili Abdulrazak alirudi na jua la utosini, na kuku mmoja wa Nangurukuru miguu juu. Alipoingia chumbani akaona uzi mweupe kwenye mti wa chandarua. Akaketi kitandani, amevaa viatu.

"Basi yamekwisha," alisema. "Hospitali hatuna haja nayo tena."

"Kesho nakwenda."

"Kwani si umeshajua? Nakutaka ulivyo."

"Nimejua, na nashukuru. Lakini daktari aliniuliza ni kwa ajili ya nani, nikakosa jibu. Leo ninalo." Mwanaima alikaa kando yake. "Nataka nisimame mezani kwangu, nipime sidiria kifuani kwangu, mteja aone inavyokaa. Nataka nilale kifudifudi nisisikie mfupa. Nakwenda kwa ajili yangu, baba."

Abdulrazak akaanza kuvua viatu, akaacha kimoja mguuni.

"Salima naye waliambiwa amepona," alisema mwishowe.

Salima alikuwa dada yake. Ugonjwa huohuo ulimrudia akiwa ameshaanza kulima tena.

"Jeneza lake nilibeba mimi, nilikuwa mbele. Lilikuwa jepesi, Mwanaima. Nilidhani watu wamesahau kumweka. Ninaogopa. Huo ndio ukweli wangu, sina mwingine."

Kumbe ile sura ya asubuhi ya ujumbe ilikuwa hofu. Mwanaima aliona aibu kwa kutoitambua, maana alikuwa ameishi nayo kuliko mtu yeyote.

"Daktari hakuniapia, na mimi sikuapii," alisema. "Lakini kikitokea kitu chochote pale, sikai nacho. Siku hiyohiyo tunakwenda."

"Umesema tunakwenda."

"Ndiyo. Tunakwenda."

Jumatatu kabla hawajatoka, Abdulrazak alimfungua mkewe shanga za kiunoni kwa mkono wake mwenyewe. Mafundo yalikuwa ya zamani, akayalegeza kwa ukucha, Mwanaima akasimama wima kama anapimwa gauni. Alizifunga kwenye leso akaitia mfukoni. Hospitali Dionis, kijana mpole mwenye miwani, alipokuja kumchukua mgonjwa aliuliza:

"Shanga tayari?"

"Ninazo mimi," Abdulrazak alijibu, mkono mfukoni. "Na siku nyingine ukituma ujumbe, andika kwanza kwamba wewe ni nesi."

Baada ya upasuaji kiuno kilivia kwa wiki kadhaa, akawa anakaa upande upande. Na kifua chenyewe? Kilipata kilima kidogo, kama andazi lililokosa hamira. Mwanaima alikitazama kwenye kioo, akafumua kifuko chake, akapunguza uwele, akakishona tena kikiwa kidogo zaidi. Hakuhisi furaha aliyoitegemea. Alihisi tu kwamba kazi imeanza.

* * *

Miezi ikapita. Siku moja mvua iliwarudisha nyumbani mapema, soko limejaa maji. Walikuwa wamejilaza, nyeupe iko juu yao. Abdulrazak alikuwa anapitisha kidole juu ya kile kilima, taratibu, kama fundi anayetafuta pa kuanzia.

"Hapa unasikia?"

"Sisikii."

"Hapa?"

"Sisikii."

"Na ha..." Kidole kikasimama.

"Nini?"

"Hapa kuna goroli."

Mwanaima akapeleka mkono wake. Lilikuwapo, gumu, linateleza chini ya ngozi. Hakuogopa. Aliona tu chumba kinakuwa mbali naye, paa, chandarua na mvua yenyewe. Alipogeuka, mumewe alikuwa ameshavaa suruali.

"Vaa," alisema.

"Mvua yote hii?"

"Vaa, Mwanaima. Tulisema siku hiyohiyo."

Huyo ndiye aliyekuwa anakataza majivu yasichokolewe. Meno yalikuwa yanamgongana, lakini mlango alikuwa ameshaufungua.

Daktari Katarina alichoma sindano, Mwanaima hakuisikia hata kidogo. Ganzi nayo ina faida yake. Wakaambiwa wakangoje majibu nyumbani. Siku za kungoja, Abdulrazak alikuwa anafungua friji zima akisahau alilifungulia nini. Mwanaima alikwenda sokoni kama kawaida. Usiku na mchana vilikuwa na rangi moja.

Simu ilimkuta mezani, sidiria mkononi, mteja mbele yake anabishana bei.

"Dada Mwanaima? Dionis nesi hapa."

"Sema."

"Ni mafuta tu. Yamekufa yakawa magumu. Ugonjwa haumo. Daktari anasema kupimwa usiache, uje kama kawaida."

"Asante."

Akarudisha simu kwenye mkoba, akamwambia mteja, "Hii itakubana, chukua ile nyeusi." Kisha akakaa juu ya belo. Akaanza kulia. Siku ya kuambiwa anaumwa hakulia, siku ya kukatwa hakulia, na sasa hakuweza kujizuia, kamasi zinamtoka kama mtoto mbele ya soko zima.

Mteja alishituka vibaya.

"Basi dada, usilie," alisema huku akifungua pochi. "Naongeza."

Mwanaima akacheka ndani ya kilio chake, akafunga meza mchana kweupe, akapanda kwenda Mtanda kwa miguu. Abdulrazak alikuwa uani amezungukwa na mabomba ya friji. Alipomwona mkewe amevimba macho, akaachia spana.

"Mafuta tu," Mwanaima alisema haraka, kabla mumewe hajafikiri vingine.

"Mafuta tu?"

"Mafuta tu."

Abdulrazak akakaa chini palepale, kwenye mchanga, kati ya mabomba. Mwanaima akamwacha atulie, kisha akamshika mkono wenye oili, akamwosha, akaingia naye ndani.

"Tulikuwa tumefika wapi?" aliuliza mume.

"Pale ulipokatisha."

Kidole kikarudi kwenye kilima, kikaligusa goroli, kikalipita.

"Hapa?"

"Sisikii."

"Hapa?"

"Sisikii."

Kikapanda juu zaidi, karibu na mfupa wa bega, mahali kovu lilipoishia.

"Na hapa?"

Mwanaima akaushika mkono wake, usiende mbele tena.

"Hapo," alisema. "Anzia hapo."